Pikipiki Moja kwa Lami na kwa Njia Mbovu: Somo kwa Kamati za Sharika



Kila unapofika wakati wa kupanga bajeti, ofisi ya miradi hupokea maombi ya pikipiki. Barua nyingi hufanana: usharika unaomba pikipiki moja kwa ajili ya mwinjilisti na kwa huduma ya afya vijijini. Ni barua chache zinazosema pikipiki hiyo itapita wapi, itabeba nini, itapandwa na nani na itatengenezwa na fundi yupi. Katika toleo hili tumeona vema tuwe na somo juu ya jambo hilo, ili kila kamati ilijadili kabla ya kuandika ombi lake.

Pikipiki tunayoihitaji ina kazi mbili zisizopatana. Asubuhi inapita lami kwenda ofisini, benki au hospitalini, katikati ya malori na mabasi. Mchana inaiacha lami na kuingia njia ya udongo, kichanga au mawe, kwenda mtaa ambao gari haliufikii wakati wa masika. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kwanza hupata taabu katika ya pili, na kile cha porini huchosha na hata kuhatarisha mtu kwenye lami. Hakuna pikipiki inayofanya yote mawili kwa ukamilifu. Kazi ya kamati ni kuamua ipoteze nini na ipate nini.

Neno letu kuu katika somo hili ni hili: pikipiki haichaguliwi kwa ukubwa wa injini wala kwa sura. Huchaguliwa kwa kuangalia kilometa mbaya kuliko zote katika njia yake, mwili wa mtu atakayeipanda, na umbali wa kulifikia duka la spea.

1. Pikipiki za kazi mbili zilitoka wapi

Wazo la pikipiki moja ya barabarani na porini si geni. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ilitoa pikipiki iitwayo DT-1, yenye injini ya sisi 246, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuipanda kwenda kazini na siku ya mapumziko akaingia nayo porini. Mwaka 1980 BMW ya Ujerumani ilitoa R 80 G/S yenye injini ya karibu sisi 800. Herufi hizo mbili zinasimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya njia za porini na barabara. Hapo ndipo lilipopata nguvu kundi la pikipiki kubwa za safari ndefu ambazo leo zinaonekana katika picha za watu wanaozunguka mabara.

Tangu wakati huo pikipiki za kundi hilo zimezidi kuwa kubwa. BMW R 1250 GS, iliyotangazwa mwaka 2018, ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta. Ni chombo kizuri kwa msafiri mwenye uzoefu, mwenye fedha na mwenye mahali pa kupata fundi aliyesomea pikipiki hiyo. Lakini mweke mwinjilisti mwenye kilo 60, peke yake, katika utelezi wa njia ya mlimani saa kumi na mbili jioni. Ikianguka, hawezi kuiinua. Atalala njiani nayo au ataiacha.

Upande wa pili kuna pikipiki zilizobuniwa kwa ajili ya mashamba. Yamaha AG100, yenye injini ya sisi 97, ililengwa kwa wafugaji na wakulima wa nchi kama Australia na New Zealand. Ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili, na kifuniko kinachozuia vumbi na matope yasiingie kwenye cheni. Haina sura ya kuvutia. Hata hivyo, mashirika ya maendeleo na huduma za afya barani Afrika yameitumia kwa miaka mingi, pamoja na dada zake DT125 na AG200, na Honda XL125. Umaarufu huo haukutokana na mbio zake. Ni pikipiki nyepesi, na fundi wa kawaida anazimudu.

2. Kwanza iandikeni njia

Kabla ya kutaja jina la pikipiki yoyote, chukueni karatasi muiandike njia. Andikeni kilometa za lami, za changarawe, za udongo, za kichanga, na mito isiyo na daraja. Andikeni hali ya kiangazi na ya masika kila moja peke yake. Mwiteni mtu anayepita huko kila wiki awaeleze, maana mjumbe aliyepita mara moja kwa gari wakati wa kiangazi hawezi kuijua njia hiyo.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Tanga, ambao ndani yake mna karibu kila aina ya njia tunayoizungumzia. Kutoka Tanga hadi Korogwe na Mombo ni lami ya barabara kuu, yenye mabasi na malori yaendayo kasi. Kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ni lami pia, lakini inapanda karibu mita 1,000 katika kilometa zipatazo 33, kwa kona nyingi na makorongo upande mmoja. Ukiiacha lami hiyo na kuingia vijiji vya Usambara, unakutana na udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Ukishuka upande wa pili hadi tambarare za Umba, unakutana na joto, vumbi, na mwendo mrefu usio na gereji.

Katika mkoa huo mmoja, sharika tatu zinaweza kuhitaji pikipiki tatu tofauti. Ndiyo maana si vema kamati ikanakili ombi la usharika wa jirani.

Mkishaiandika njia, tafuteni kilometa mbaya kuliko zote. Huenda ni kilometa 6 tu kati ya 40. Lakini hizo 6 ndizo zitakazoamua kama mgonjwa anafikiwa au hafikiwi. Kwenye lami karibu kila pikipiki itafika, ijapokuwa kwa kuchelewa.

3. Uzito na urefu wa siti

Hapa ndipo kamati nyingi hupita haraka, kumbe ndipo penye uzito wa jambo. Pikipiki za porini huinuliwa juu ili injini isigonge mawe. Zikiinuliwa, siti nayo hupanda. Honda CRF300L ya mwaka 2021 ina siti yenye urefu wa sentimeta 88 kutoka ardhini, na uzito wa kilo 142. Honda XR150L ina siti ya sentimeta 82 na nusu, na uzito wa kilo kama 130. Tofauti ya sentimeta tano na nusu ni ndogo kwenye karatasi. Kwa mhudumu wa afya mwenye kimo cha kawaida, inaweza kuwa tofauti kati ya kukanyaga chini na kuning'inia.

Asiyefika chini huanguka pale anaposimama: kwenye kona ya matope, kwenye jiwe, mbele ya ng'ombe waliokatiza njia. Akianguka mara tatu, huanza kuiogopa pikipiki, na pikipiki huanza kukaa ndani.

Tunashauri mitihani miwili kabla ya kununua. Wa kwanza: mpandaji mwenyewe aketi juu ya pikipiki akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, na nyayo za mbele za miguu yote miwili zifike chini. Wa pili: pikipiki ilazwe chini taratibu kwenye nyasi, naye aiinue peke yake. Akishindwa dukani ambako kuna watu wa kumsaidia, njiani atashindwa zaidi. Mitihani hii ifanywe na yule atakayeipanda, awe mwanamke au mwanaume, na si na mwenyekiti wa kamati kwa niaba yake.

4. Injini

Wengi hudhani kwamba injini kubwa ndiyo nguvu ya kupanda mlima. Kwa sehemu ni kweli. Hewa hupungua kadiri unavyopanda juu, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo pikipiki iliyoonekana ina nguvu Tanga mjini, ikifika Lushoto, palipo karibu mita 1,400 juu ya bahari, itakuwa imepoteza karibu sehemu moja ya saba. Ongezeni mzigo na mtu wa pili, mtaelewa kwa nini sisi 100 hulemewa huko.

Hata hivyo, kwa kazi zetu nyingi sisi 125 hadi 200 zinatosha. Zaidi ya hapo mnanunua mwendo kasi ambao njia haiuruhusu, na uzito ambao mpandaji hauwezi. Kilicho muhimu zaidi ni gia ya kwanza yenye nguvu ya kutambaa polepole mlimani bila kuunguza klachi. Fundi mzuri anaweza kusaidia hapo kwa kubadilisha sproketi: ya nyuma ikiongezwa meno, pikipiki hupanda vizuri zaidi, ila kwenye lami mwendo wake hupungua. Hilo ni badiliko la gharama ndogo, na ni mfano mzuri wa yale tuliyosema juu ya kupoteza na kupata.

Kuna pia swali la aina ya injini. AG100 na DT125 zina injini ambayo oili yake huungua pamoja na petroli. Injini hizi zina vipande vichache, hivyo ni rahisi kufungua na kufunga. Lakini hula mafuta zaidi, hutoa moshi, na oili yake ikisahauliwa injini huganda. Jambo jingine linalosahaulika ni mteremko. Injini hizi hazishiki sana unapoachia mafuta, kwa hiyo kazi yote ya kupunguza mwendo hubaki kwenye breki. AG200, XL125 na XR150L, pamoja na karibu pikipiki zote za bodaboda, zina injini ambayo oili yake hukaa chini peke yake. Hizi hutumia mafuta kidogo, na ukishuka kwa gia ndogo injini yenyewe husaidia kukuzuia. Kwa sharika za milimani tunaona hiyo ni sababu ya kutosha ya kuzichagua.

Tufanye hesabu ya mfano. Mhudumu anakwenda kilometa 40 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka. Hizo ni kilometa 9,600. Tukichukulia kwamba pikipiki moja inakwenda kilometa 40 kwa lita na nyingine kilometa 25, ya kwanza itahitaji lita 240 na ya pili lita 384. Kwa miaka mitatu tofauti ni lita 432. Zidisheni kwa bei ya petroli ya kwenu, mtaona kwamba pikipiki iliyokuwa nafuu dukani inaweza kuwa ghali njiani.

5. Magurudumu, tairi, breki na madigadi

Gurudumu kubwa la mbele hupita juu ya shimo na jiwe kwa urahisi kuliko dogo. Pikipiki za porini hasa huwa na gurudumu la mbele la inchi 21. Zile za kazi mbili mara nyingi huwa na inchi 19, kama XR150L. Zile za mjini, kama Boxer, huwa na inchi 17. Kwa njia iliyochanganyika, inchi 19 ni mapatano mazuri.

Ringi za spoku hupinda kidogo na kunyooshwa na fundi wa kijijini. Ringi za kumimina hazihitaji kukazwa, na ni nzuri kwenye lami, ila zikigonga jiwe vibaya hupasuka na hazitengenezeki kwa urahisi. Tairi zenye meno makubwa hushika matope vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa huteleza na huisha upesi. Kwa anayepita lami kila siku, tairi ya meno ya wastani ndiyo inayofaa. Kamati isikubali tairi ya porini kwa sababu inapendeza.

Breki za diski hushika kwa nguvu zaidi, na kwenye barabara kuu ni faida kubwa. Breki za dramu hushika kidogo kidogo, hazihitaji maji ya breki, na kila fundi anazijua. Wengi wa watengenezaji huweka diski mbele na dramu nyuma, nasi tunaona ni mpango mzuri. Mkumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Hakuna breki inayofuta ukweli huo.

Jambo moja dogo lenye madhara makubwa ni madigadi ya mbele. Madigadi inayokaribiana na tairi ni nzuri mjini, maana inazuia maji. Lakini kwenye udongo mweusi wa mbuga au udongo wa mfinyanzi, tope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Mpandaji hulazimika kushuka kila baada ya mita mia na kulitoa kwa kijiti. Ikiwa njia yenu ina udongo wa namna hiyo, tafuteni pikipiki yenye madigadi iliyoinuliwa juu.

6. Spea na fundi

Jiulizeni: klachi ikikatika waya Jumanne asubuhi, pikipiki itatembea tena lini? Kama jibu ni Jumanne jioni, mmechagua vema. Kama jibu ni "mpaka mtu aende Dar es Salaam", basi pikipiki hiyo haiwafai hata kama mmepewa bure.

Kwa sababu hiyo hatuwadharau wanaochagua Boxer au TVS. Pikipiki hizi ziko kila kituo cha bodaboda. Spea zake zinauzwa hadi kwenye magulio, na vijana wetu wanazifungua wakiwa wamefumba macho. Boxer ya 150, ambayo injini yake ni sisi 144.8, ikifungwa tairi bora na keria imara, inatosha kabisa kwa njia ambayo sehemu kubwa ni lami na changarawe iliyotunzwa. Udhaifu wake huonekana kwenye mawe na mashimo makubwa, ambako shokapu ni fupi na injini iko karibu na ardhi.

Tuangalie pia upande wa matunzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Waingereza na Wamarekani wachache wapenzi wa mashindano ya pikipiki, wakiwemo Barry Coleman na mwanamashindano Randy Mamola, walitembelea Somalia. Huko waliona vyombo vya huduma ya afya vimetupwa kwa ubovu mdogo ambao matunzo ya kawaida yangeuzuia. Kutokana na hayo lilizaliwa shirika la Riders for Health, lililoanzishwa rasmi mwaka 1996 na kufanya kazi katika nchi kama Lesotho na Gambia. Fundisho lao lilikuwa jepesi: usingoje kiharibike. Badilisha kipande kwa kufuata kilometa, kabla hakijakatika, na mpandaji akague chombo chake kila asubuhi.

Fundisho hilo linatufaa sisi pia. Oili ibadilishwe kwa kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha pikipiki, au mapema zaidi kwenye vumbi jingi. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi linaloingia kwenye injini huila kama msasa. Cheni ipakwe oili na ikazwe. Upepo wa tairi upimwe. Spoku zigongwe moja moja zisikike kama zimelegea. Kazi hii ya asubuhi haizidi dakika kumi.

7. Bei kamili

Bei ya dukani ni sehemu tu ya bei. Katika bajeti yenu andikeni pia: usajili na kadi kwa jina la usharika au dayosisi, bima, kofia ngumu mbili, viatu vya kufunika vifundo, glavu, koti la mvua, kizibao cha kung'aa usiku, mafunzo ya mpandaji, matengenezo ya miaka mitatu, na seti mbili za tairi. Bima ndogo inatakiwa na sheria. Bima kubwa ni ghali zaidi, lakini pikipiki ikiibwa usharika hauanzi upya.

Juu ya kofia ngumu hatutaki majadiliano. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia kama 42 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69 kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali. Kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria naye ni mtu. Kofia ya pili si mapambo.

Kama fedha hazitoshi kwa orodha yote, nunueni pikipiki ndogo zaidi na mbakize orodha. Msinunue kubwa mkaifuta orodha.

8. Mpandaji

Leseni ya pikipiki iwe mkononi kabla ya funguo kukabidhiwa, na daraja lake lilingane na chombo. Lakini leseni haimfundishi mtu matope. Mpandaji apewe siku chache na mtu mzoefu ajifunze kusimama juu ya vikanyagio kwenye mashimo, kuangalia mbali badala ya kuangalia tairi, kushuka mlima kwa gia ndogo, na kuvuka mto kwa miguu kwanza kabla ya kuuvuka kwa pikipiki. Kwenye lami ajifunze kujitokeza mahali anapoonekana na dereva wa lori, kuwasha taa mchana, na kutofuata basi kwa karibu.

Kamati nayo iwe na utaratibu wa maandishi: nani anapanda, nani hapandi, mzigo mwisho kiasi gani, na pikipiki inalala wapi. Daftari la safari lijazwe kila siku. Pikipiki ya huduma ikigeuka bodaboda jioni, huchakaa kabla ya wakati wake, na siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa.

9. Mifano mitatu ya uamuzi

Usharika wa kwanza uko kandokando ya barabara kuu. Kati ya kilometa 40 za siku, 34 ni lami na 6 ni changarawe. Kwa huu tungeshauri pikipiki ya aina ya bodaboda ya sisi 125 au 150, yenye taa nzuri, vioo vyote viwili na, ikiwezekana, diski mbele.

Usharika wa pili uko milimani. Nusu ya njia ni lami yenye kona na nusu ni udongo wenye mteremko. Hapa tungeshauri pikipiki ya kazi mbili ya aina ya XL125 au XR150L: gurudumu la mbele kubwa, shokapu ndefu, na injini inayosaidia breki.

Usharika wa tatu uko tambarare, vijiji viko mbali, na lami ni safari ya mara moja kwa wiki. Hapa pikipiki ya shamba ya aina ya AG ingefaa, kwa keria zake na cheni yake iliyofunikwa. Lakini kabla ya kuamua, lazima kuwe na boksi la spea ndani ya usharika: waya za klachi na breki, plagi, tyubu, kipande cha kuungia cheni na vifaa vya pancha. Kama spea za aina hiyo hazipatikani mkoani kwenu, rudini kwenye pikipiki ya kazi mbili yenye duka karibu.

10. Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru marafiki wanaotaka kutusaidia. Tunajua kwamba picha ya pikipiki mpya yenye nembo ni rahisi kuionyesha kwa waliochanga kuliko picha ya ndoo ya oili. Lakini ombi letu ni hili: msitutumie chombo kabla ya kutuuliza njia. Pikipiki kubwa iliyotumika, hata ikiwa ya thamani, ikifika mahali pasipo na spea zake huwa mzigo kwa anayeipokea. Fedha za pikipiki mbili zenye matengenezo ya miaka mitatu zinafikisha huduma mbali kuliko fedha za pikipiki tatu zisizo na matengenezo. Hesabuni kilometa zilizotembea na watu waliofikiwa, wala si idadi ya pikipiki zilizokabidhiwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni kilometa ngapi za njia yetu ni lami, na zipi ndizo mbaya kuliko zote wakati wa masika?
2. Nani hasa atapanda? Ameketi juu ya pikipiki tunayoitaka? Ameiinua?
3. Duka la spea lililo karibu liko wapi, na fundi wetu ameshawahi kufungua injini ya aina hiyo?
4. Fedha za mafuta, tairi na matengenezo za mwaka wa pili na wa tatu zitatoka wapi?
5. Kofia ngumu ya abiria imo katika bajeti?
6. Nani atakagua daftari la safari kila mwezi?

Kamati itakayojibu maswali haya sita kwa maandishi na kuyaambatanisha na ombi lake itakuwa imeturahisishia kazi sana. Tena itakuwa imejilinda yenyewe, kwa maana majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama kinachohitajika ni pikipiki ya kazi mbili, pikipiki ya kawaida, au pengine baiskeli mbili na nauli ya basi.

Tunawatakia majadiliano mema.